Shida Hii Tuko Wangapi?

Hotuba iliyotolewa Jumamosi asubuhi mbele ya kikundi cha wasomaji wa vitabu, Magomeni, Dar es Salaam. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa, bila zile picha zilizoonyeshwa ukutani.

Mwenyekiti wa kikundi, katibu, wazee wenzangu mliokaa mbele, na nyinyi wanangu mliojibana huko nyuma karibu na feni: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Waliobaki, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo hapa adhuhuri itatukuta sijafungua hata kitabu kimoja.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya sosholojia, yaani elimu inayochunguza jamii, na matatizo ya maisha ya siku hizi. Katibu aliponipigia simu nilimwambia, "Sosholojia Jumamosi asubuhi? Watu wana nguo za kufua." Akasema, "Mama, wewe njoo tu." Nami nimekuja, nanyi mmekuja. Ahsanteni sana. Mkitoka hapa mikono mitupu, lawama ni zangu, mwenye ukumbi msimguse.

Nijitambulishe kidogo. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii katika jiji hili miaka 26. Watoto wa mitaani, kina mama wanaodai matunzo, wazee waliotelekezwa, ndoa zilizofika ofisini zikiwa zimeshakufa: wote wamepita mezani kwangu. Sosholojia niliisoma Mlimani nikiwa binti. Nikafaulu mtihani, nikaisahau. Sijui kama mmenisikia vizuri. Nilifaulu, nikaisahau! Niliirudia nikiwa mtu mzima na mvi zangu, siku nilipokuta kitabu kwa wale vijana wanaotandika vitabu vya mitumba chini pale Posta. Kina muhuri wa maktaba ya chuo fulani cha Canada. Kilisafiri vipi hadi kwenye ule mkeka, Mungu anajua. Kijana alitaka elfu tano, tukabembelezana, nikakichukua kwa elfu tatu.

Kinaitwa The Sociological Imagination, kimeandikwa na Mmarekani C. Wright Mills, kikatoka mwaka 1959. Mimi kwa Kiswahili changu nakiita jicho la kuonea jamii. Mills alizaliwa Texas, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na alikuwa akienda kazini kwa pikipiki kubwa ya BMW wakati wenzake wamevaa tai. Vijana wa bodaboda mliomo humu, huyu ni mtu wenu. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 45 tu.

Mills alisema nini? Alisema kuna shida ya mtu, na kuna suala la watu wote. Kwenye mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, tumtazame yeye: ana ujuzi gani, ana tabia gani, amepoteza nafasi zipi. Lakini kwenye nchi yenye wafanyakazi milioni 50, watu milioni 15 wakikosa kazi, utawakagua tabia mmoja mmoja hadi lini? Hapo tatizo si la tabia tena. Hapo kuna kitu kimevunjika kwenye mashine yenyewe.

Mtaniambia, mama, hilo nani asilijue? Hebu niwape kisa, mniambie kama mnalijua kweli.

Nilipokuwa nakaa Mburahati nilikuwa na jirani anayeuza vitumbua. Nitamwita mama wa vitumbua. Kila siku alfajiri ungesikia mafuta yake yanalia, isipokuwa Jumanne. Sisi tulidhani Jumanne anapumzika. Kumbe Jumanne ndiyo siku ya marejesho. Mama yule alikuwa anamwambia mwanawe afunge mlango kwa nje na kufuli, aende na ufunguo shule, yeye akibaki ndani. Anashinda mle, dirisha limefungwa, redio imezimwa, hakohoi, mpaka watu wa mkopo wachoke kugonga waondoke.

Alikopa wapi? Mnajua wenyewe. Kausha damu. Jina hilo halikutungwa na mtaalamu yeyote, limetungwa na wanaokaushwa. Alichukua laki mbili aongeze mtaji. Mtoto akaugua, mtaji ukaliwa. Akakopa kwingine alipe kule, halafu kwa tatu alipe kwa pili. Mumewe hajui. Wenzake wa jumuiya hawajui. Aliponieleza, sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Mimi dada yangu sina akili ya fedha." Mama aliyelea watoto wanne kwa kijiko cha sukari na kipande cha nazi, ati hana akili ya fedha!

Sasa sikilizeni. Ukatokea msiba mtaani, na tanga likaangukia Jumanne. Tumekaa kwenye mikeka, kina mama wote wa mtaa. Wakaingia vijana wawili na daftari lao na mikoba ya begani, wamekuja kumtafuta mmoja wetu hadi msibani. Walipotokea tu kwenye kona, kina mama wanane waliinuka kwa mpigo mmoja kwenda kuangalia sufuria jikoni. Sufuria yenyewe ilikuwa moja.

Mnacheka. Na wao walicheka, baadaye. Lakini kwanza walitazamana pale jikoni, wanane, wamebanana kwenye moshi, na kila mmoja akamuuliza mwenzake kwa macho: na wewe? Walikuwa wamekaa mtaa mmoja miaka, wameazimana chumvi, wamezalishana, wameshoneshana sare za harusi, na kila mmoja alikuwa anajifungia Jumanne peke yake, akijua ni yeye tu mjinga.

Hicho ndicho Mills alichokuwa anakisema. Shida ya mtu ni mlango uliofungwa kwa nje. Ikishafika jikoni, wanane, inakuwa jambo jingine. Unaanza kuuliza mambo mengine kabisa: kwa nini mtoto akiugua mtaji unaliwa? Nani ameruhusiwa kukopesha mtaa huu, na kwa masharti gani? Maana ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowataka wakopeshaji hawa wawe na leseni. Mtu aliyejifungia ndani hawezi kwenda kuuliza leseni ya mtu. Wanane wanaweza. Nao walikwenda hadi serikali ya mtaa. Matokeo yake nayo ni hadithi ndefu, sehemu nzuri na sehemu ya kuudhi, nitawapa siku nyingine.

Nilimtafsiria mama wa vitumbua ukurasa ule wa Mills, mstari kwa mstari, tumekaa kibarazani. Akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Huyo mzungu aliwahi kukaa Mburahati?"

Kwa hiyo swali langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke: shida hii tuko wangapi? Kodi ya miezi sita imekushinda? Tuko wangapi? Kijana amemaliza chuo, cheti kiko juu ya kabati, yeye yuko kijiweni? Tuko wangapi? Mumeo anarudi saa nne usiku si kwa ulevi ila kwa foleni, na watoto wanamjua kwa picha? Tuko wangapi?

Nisieleweke vibaya. Wazembe wapo. Nimekutana nao, wengine nimewachukua hadi mahakamani, na ningewachukua tena. Sosholojia haimpi mtu cheti cha kutowajibika. Inakukataza tu kujibu kabla hujahesabu.

Kuna Mfaransa aliitwa Émile Durkheim, na kitabu chake cha mwaka 1897 kinahusu watu wanaojitoa uhai. Alichukua tendo ambalo kila mtu angesema ni siri ya moyo wa mtu mmoja, akalinganisha takwimu: wenye ndoa na wasio na ndoa, Wakatoliki na Waprotestanti, miaka ya utulivu na miaka ya misukosuko ya uchumi. Akaonyesha kwamba hata hapo jamii ipo, kwamba uzi unaomfunga mtu na wenzake ukilegea sana hatari inapanda. Nalipita haraka hilo, kwa sababu najua katika ukumbi huu wapo waliofiwa hivyo, na leo sikuja kuwatonesha kidonda. Lakini huo uzi naomba mniruhusu niushike kidogo.

Twendeni Chicago, Marekani. Julai 1995. Joto lilifika nyuzi 41 za Selsiasi, na hewa nzito ya unyevu juu yake. Sisi watu wa Dar tunajua joto, Januari na Februari hapa godoro linakuwa kama kikaango. Ila wao majengo yao ni ya matofali, yanatunza joto usiku kucha kama tanuri. Ndani ya wiki moja walikufa watu zaidi ya 700. Chumba cha maiti kikajaa, ikabidi yaletwe malori yenye majokofu. Wengine hawakupata ndugu wa kuwachukua, wakazikwa pamoja kwenye kaburi la umma.

Nataka msimame hapo kwenye hilo la kuzikwa. Mtu amekufa katika mji mkubwa wa nchi tajiri, akakosa mtu wa kusema huyu ni wetu.

Msosholojia mmoja mzaliwa wa Chicago, Eric Klinenberg, akalifuatilia, na mwaka 2002 akatoa kitabu, Heat Wave. Madaktari walikuwa wameshapasua miili na kusema: joto. Yeye akasema, sawa, sasa tuupasue mji. Akachukua maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na Little Village. Yote mawili yana umaskini, yote mawili yana wazee wengi wanaoishi peke yao. Joto lao lilikuwa lile lile, jua lile lile. Lakini kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa kama mara kumi ya kile cha Little Village. Mara kumi, na wametenganishwa na barabara!

Kulikuwa na nini? North Lawndale viwanda vilifungwa, watu wakahama, nyumba zikabaki magofu na viwanja vya majani. Mzee anaogopa kutoka, na hata akitoka, aende wapi? Hakuna duka. Little Village, mtaa wa watu wenye asili ya Meksiko, barabara ilikuwa imejaa: maduka, wauza matunda, watoto, kelele. Mzee anatoka kununua kitu, anaingia dukani mwenye ubaridi, anaonekana. Asipoonekana, anaulizwa.

Nilipokisoma nilisema, alhamdulillahi, sisi Dar tuko salama, mji wetu wote ni wauza matunda. Nikakifunga, nikaweka kabatini. Kumbe nilikuwa sijakisoma.

Nilipostaafu nilijenga Goba. Nyumba yangu ya uzeeni, namshukuru Mungu. Nikafanya kama wanavyofanya wote: nikaanza na fensi. Ukuta wa tofali, juu seng'enge, geti la chuma ambalo huoni ndani hata ukilala chini. Jirani kulia ana ukuta, jirani kushoto ana ukuta. Tunajuana kwa honi za magari. Na tuna kundi la WhatsApp la mtaa, lina watu wengi kweli, na siku moja mmoja wetu akaandika kwamba wauza mboga wanaopita na baiskeli na wale wa ndoo na mifagio wazuiwe kuingia mtaani, kwa ajili ya usalama. Watu wakaunga mkono. Na mimi, mstaafu wa ustawi wa jamii, nimesoma Klinenberg, niliweka dole gumba.

Wiki mbili baadaye niliteleza bafuni. Asubuhi, kabla ya chai. Nyonga ikakataa kabisa, siwezi kuinuka, simu iko chumbani inaita. Nikalala pale juu ya vigae tangu saa mbili asubuhi. Nilisikia geti la kulia likifunguliwa na kufungwa. Nilisikia la kushoto. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka; kuta zetu ni nzuri, fundi wangu hakuiba saruji. Saa sita. Saa nane. Saa kumi.

Aliyeniokoa ni kijana wa mchicha. Alikuwa hajapata taarifa kwamba amepigwa marufuku, maana yeye hayumo kwenye lile kundi. Kila jioni hugonga geti langu na kila jioni nambishia bei ya fungu la mchicha, mia tatu, mia tano, tunagombana kama mtu na mjukuu wake. Siku ile aligonga, kimya. Akagonga tena. Angeweza kusema huyu bibi bahili leo kanikimbia. Badala yake akasema, huyu bibi haiwezekani akose kunibishia. Akaruka ukuta, seng'enge ikamchana mkono, akanikuta.

Nimewaambia vijana wa kundi letu kisa hiki nao wakanitumia maua, yale ya kwenye simu. Marufuku ilifutwa? Ilichukua miezi miwili.

Sasa wale wa Uswahilini msianze kujipigia makofi. Najua mnasema, mama, ungebaki Mburahati wangekuokota kabla hujafika chini. Ni kweli. Wangejua pia nilikuwa nimevaa nini, na kufikia jioni ingekuwa nilikuwa nimelewa. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja uani: humo hakuna siri, na mwanamke aliyepigwa humo husikika na vyumba vyote sita na bado hakuna anayetoka. Nimezifungua faili hizo. Kusikiwa na kusaidiwa ni vitu viwili.

Kuna Mjerumani, Georg Simmel, aliyetoa hotuba mwaka 1903 pale Dresden kuhusu maisha ya mji mkubwa na nafsi ya mtu. Alisema ukiishi kati ya maelfu ya watu, macho, sauti, harufu, kila dakika, unajijengea ganda la ubaridi, kwa sababu ukimjali kila unayepishana naye utachanganyikiwa. Nilimkumbuka Simmel kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mtu ananilalia begani, mwingine kanikanyaga, na sote tunatazama dirishani kama tuko peke yetu duniani. Alisema pia kwamba saa zote za mfukoni za Berlin zikikosea, kila moja kwa namna yake, hata kwa saa moja tu, maisha ya mji yatavurugika kwa muda mrefu. Huyo angekuja Dar akaambiwa kikao ni saa tatu, sijui angeandika nini.

Mwaka 1967, sensa ilipofanyika, jiji hili lilikuwa na watu kama 270,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728. Bibi mmoja wa umri wangu ameyaona yote mawili kwa macho yake. Huwezi kuongeza mji namna hiyo ndani ya maisha ya mtu mmoja halafu ukashangaa kwamba watu hawasalimiani kama zamani. Tulitegemea mjumbe wa nyumba kumi, tangu enzi za TANU, atujue wote. Leo mjumbe mwenyewe ni mpangaji, dalali amemwonyesha nyumba mwezi uliopita.

Nije kwenye jambo la mwisho, nalo ndilo linaniuma.

Nani amewahi kutuhesabu sisi watu wa Dar, akaandika kitabu? Wapo. Mwaka 1963 kilitoka kitabu cha J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam. Mtu akitaka kujua babu zetu walipanga vipi vyumba anakwenda huko, na mimi nimefaidika nacho, sisemi uongo. Lakini kumbukeni mji wenyewe ulikuwa umekatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Na kijana Mwafrika aliyekutwa mjini hana kazi ya kuandikishwa aliitwa mhuni, akakamatwa, akarudishwa kwao bara. Mhuni! Neno la mtaani likawa neno la serikali. Kijana amekuja kutafuta kodi ya kichwa ya kulipia serikali hiyo hiyo, nayo inamwona yeye ndiye tatizo.

Mtu aliyelielewa hilo kuliko wote ni W.E.B. Du Bois, Mmarekani mweusi. Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 28, aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania achunguze kata moja yenye weusi wengi huko Philadelphia, Kata ya Saba. Watu wakubwa wa mji walikuwa wameshaamua: uhalifu na ufisadi wa kura unatoka kule. Walitaka msomi awathibitishie. Du Bois akahamia kata hiyo hiyo na mkewe mpya, akapita mlango kwa mlango, kaya karibu 2,500, yeye mwenyewe kwa miguu yake, akiuliza na kuandika. Kitabu chake, The Philadelphia Negro, kikatoka 1899. Na alichokiona ni kwamba watu wale walikuwa dalili, si chanzo. Ukimfungia mtu kila karakana na kila ofisi kwa rangi yake, ukampandishia kodi ya nyumba, ukamwachia kazi ya kubeba na kufagia, halafu ukaja kupima tabia yake, umepima nini?

Mwaka 1903, katika kitabu kingine, aliuliza swali ambalo kila machinga wa jiji hili angelielewa bila kutafsiriwa: mtu anajisikiaje kuwa tatizo? Alifariki Accra, Ghana, Agosti 1963, na miaka 95, akiwa amechukua uraia wa nchi huru ya Afrika.

Nilipofika ukurasa ule wa dalili na chanzo nilifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Nitawaambia kwa nini.

Mwaka mmoja nilihamishwa ofisi. Ikabidi nikabidhi faili zangu za watoto, nikakaa sakafuni kuzipanga. Kwenye fomu yetu kulikuwa na kisanduku kimeandikwa "Chanzo cha tatizo", na mimi nilikuwa nakijaza kwa neno moja. Uzembe. Uzembe wa baba. Uzembe wa mama. Uzembe wa walezi wote. Nimeliandika neno hilo mara ngapi? Mwandiko wangu, wino wa bluu.

Nikaacha kuzipanga kwa majina, sijui kwa nini, labda nilichoka, nikaanza kuzipanga kwa mahali mtoto anakotoka. Rundo moja likapanda. Likazidi kupanda. Watoto wa bonde moja la jiji hili. Nikatazama tarehe: ndani ya miezi michache, mwaka mmoja. Ni mwaka ule nyumba za bonde lile zilipobomolewa. Baba aliyekuwa anakwenda kibaruani kwa miguu akahamia nje ya mji, nauli ikala nusu ya kipato. Mama akaenda kwa dada yake na mdogo kabisa. Wakubwa wakagawanywa kwa ndugu kama vyombo. Mmoja akatoroka kwa shangazi, akaonekana stendi, akaletwa kwangu. Na mimi nikaandika: uzembe.

Sisemi bonde lile lingebaki. Lile bonde linafurika, na mwaka wa mafuriko nimebeba watoto mgongoni kwenye maji yale. Nasema faili zote zile zilikuwa kwenye kabati moja, ufunguo nilikuwa nao mimi, na kwa miaka sikuwahi kuuliza hawa wako wangapi. Nilikuwa na digrii ya kuuliza swali hilo.

Mtauliza, vitabu vyenyewe tutavipata wapi, na kwa lugha gani? Hapo mmenishika. Vyote nilivyovitaja leo nimevisoma kwa Kiingereza, na nimekuwa nikiwapikia tafsiri papo hapo tangu asubuhi. Sosholojia si mali ya Wazungu: Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddimah mwaka 1377, akaeleza jinsi mshikamano wa watu unavyoinua dola na jinsi starehe za mjini zinavyoulegeza. Imepita zaidi ya miaka mia sita. Nendeni Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mtafute rafu ya sosholojia kwa Kiswahili. Mimi nimeitafuta. Kwa lugha yetu, waliotufanyia kazi hiyo kwa muda mrefu ni waandishi wa riwaya. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, alieleza malezi ya mtoto wa kike kuliko ripoti nyingi nilizowahi kuzipiga mhuri, na malipo yake ni kwamba kitabu kilipigwa marufuku mashuleni.

Kwa hiyo sikuja na orodha ya vitabu vya kununua. Nimekuja na madaftari arobaini, yako kwenye boksi pale mlangoni. Kila mtu achukue moja. Chagua swali moja tu kuhusu mtaa wako. Nani analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ameipata wapi. Nani ana mkopo na siku yake ya marejesho ni ipi. Mzee gani anaishi peke yake na nani angejua akianguka. Pita mlango kwa mlango kama Du Bois. Jina la mtu usiandike, narudia, jina la mtu usiandike, na akikataa kujibu mwambie ahsante uondoke. Kisanduku cha "chanzo" usikichore kabisa. Tukutane hapa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kila mtu na hesabu yake, tuzimwage mezani tuzitazame pamoja. Kwa Kiswahili.

Muda umenitupa mkono, katibu ananionyesha saa. Maswali yapo? Yule mama pale nyuma, mwenye kitenge cha njano, amenyoosha mkono tangu nilipotaja kausha damu. Mpelekeeni kipaza sauti.